Samaki wa mtoni si wa ziwani! Mmetuulia wangapi kwa ushauri wenu?

Wakuu, leo naomba mnivumilie, nina hasira.

Nilinunua samaki wawili wa kufuga tangini, Steatocranus casuarius, wale wenye nundu kichwani. Muuzaji akaniapia ni dume na jike, tena "wameshashikana". Kushikana walishikana kweli, ila kwa meno. Siku ya nne nikamkuta mmoja kafia kwenye kona ya tangi, mapezi yamebaki nyuzi. Wote madume! Nundu wanayo dume na jike, sawa, lakini ya dume huwa kubwa zaidi. Mtu anawauza kila siku na hajawahi kuwalinganisha?

Nikaomba ushauri kwa wanaojiita wazoefu. "Hao siklidi wa Afrika, weka maji magumu, ongeza chumvi." Siklidi ndiyo jamii ya samaki hawa, na maji magumu ni yale yenye madini mengi. Nami nikatii. Kwani Afrika nzima ni ziwa moja? Huyu ni wa mto Kongo, kule kwenye maporomoko ya chini, maji laini, pH (kipimo cha asidi) karibu na 7. Wanaotaka maji magumu yenye pH 8 ni wa Tanganyika na Malawi.

Lililonichoma zaidi ni hili. Aliyebaki alikuwa anarukaruka chini kama chura, haelei. Nikaambiwa kibofu cha hewa kimeharibika, nikauziwa dawa. Dawa ikaua bakteria wa kichujio wanaosafisha maji, maji yakachafuka, nusura nimkose na huyo. Kumbe ndivyo alivyoumbwa! Kibofu chake ni kidogo ili mkondo usimzoe, ashike chini kwenye mawe. Yaani nilikuwa namtibu uzima.

Nilipowapuuza wote ndipo mambo yakanyooka. Jike nikampata kwa mfugaji mwingine. Nikabadilisha maji kidogo kidogo hadi chumvi ikaisha, nikafunga pampu ya kusukuma mkondo, nikaweka mawe, mchanga na chungu kilichovunjika mdomo. Usiku kucha wakahamisha mchanga kwa vinywa, tangi likawa kama machimbo. Kisha jike akajifungia chunguni na mayai, dume mlangoni. Ukiingiza mkono anakuvaa. Walipotoka vifaranga niliwahesabu 34, na hao ni wale tu waliokubali kuonekana.

Juzi muuzaji yuleyule kanitafuta. Anataka vifaranga hao akawachanganye na mbuna, siklidi wa Ziwa Malawi, kwenye tangi lake la chumvi. Sijamjibu mpaka sasa, naogopa nitaandika matusi.