Nyumba ya kale Mikindani: lipu ya saruji inabanduka

Swali
Shikamooni wakubwa. Familia yetu imerithi nyumba ya kale hapa Mikindani. Kuta zake nene ni za mawe ya matumbawe, ila matao ya milango ni ya tofali za kuchoma, na dari limebebwa na boriti za mikoko. Wazee husema ni ya enzi ya Wajerumani. Tuliipiga lipu ya saruji upande wa barabarani, na sasa inabanduka huku chumvi nyeupe ikitokeza chini yake. Nitaujuaje umri wake, na tulikosea wapi?

Jibu la kwanza
Marahaba. Mawe na boriti peke yake havitoshi kukupa umri, kwa sababu watu wa pwani walijenga hivyo karne nyingi kabla ya Wajerumani, nao Wajerumani walitumia mawe hayohayo walipojenga Boma la Mikindani mwaka 1895. Chunguza kilichoshikanisha tofali za matao. Ukikuta chokaa tupu, yaelekea matao ni ya zamani kweli. Ukikuta saruji, huenda yaliongezwa baadaye, pengine miaka ile mji wa Mtwara ulipojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga ulioanza 1947.

Jibu la pili
Ndugu yangu, mimi ni fundi wa kuta za namna hii, na jambo hili huniuma kila nilionapo. Matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke taratibu kwa jua na upepo. Saruji huyafungia ndani, chumvi ikajikusanya nyuma yake hadi ikaisukuma lipu na kuumega hata ukuta wenyewe. Ibandueni yote kwa patasi bila kupiga kwa nguvu, acheni ukuta ukauke kiangazi kizima, kisha mpige chokaa na mchanga usio na chumvi, tabaka jembamba baada ya jingine, mkilinyunyizia maji na kulikinga na jua kali ili lisikauke haraka.

Jibu la tatu
Naongeza la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baadaye huhitaji tangazo la Waziri. Kwa hiyo, kabla ya kugusa patasi, piga picha kila ukuta na kila tao, kisha umwone afisa utamaduni wa wilaya.

Muulizaji
Ahsanteni sana. Nimekwangua tao la mlango wa mbele asubuhi hii: ni chokaa tupu. Saruji tutaanza kuibandua mvua zikiisha.