Picha za ini kabla ya upandikizaji: zinaonyesha kama saratani itarudi?

Mpigapicha_Kondele
Hamjambo wakuu. Hapa Kisumu wanakuja wagonjwa waliopandikizwa ini India kwa sababu ya saratani, wakiwa na sidii ya picha za kabla ya upasuaji. Jamaa huuliza kama picha hizo zinaonyesha ugonjwa utarudi. Nitazame nini? Na CT (skani ya eksirei) ya kufuatilia niipangeje?

Radiolojia_Nakuru
Anza na vigezo vya Milan vya 1996, vinavyotumika kuchagua wa kupandikizwa ini: uvimbe mmoja usiozidi sm 5, au vivimbe visivyozidi vitatu, kila kimoja sm 3 kushuka, mishipa mikubwa ikiwa salama na ugonjwa haujatoka nje ya ini. Ila ukubwa na idadi havitoshi. Hatari kubwa ni seli za saratani zilizopenya mishipa midogo, na hizo CT haizioni. Tafuta dalili zake: kingo za uvimbe zisizo nyororo, ini linalouzunguka kung'aa awamu ya ateri (dawa ya kung'arisha picha inapofika ini kwa ateri), au uvimbe kung'aa pembeni tu huku katikati pamefifia. Kwa MRI yenye gadoksetati (dawa ya kung'arisha inayonyonywa na seli za ini), tazama giza kuuzunguka uvimbe dakika 20 baada ya dawa. Dalili hizi zikikosekana, bado usimhakikishie mtu.

Kuna PET pia, skani ya sukari yenye mionzi. Uvimbe ukinyonya sukari kwa wingi, mara nyingi ni mkali. Usiponyonya haimaanishi hakuna saratani, maana saratani ya ini yenye seli zilizokomaa hunyonya kidogo.

Onkolojia_Eldoret
Nakubaliana na daktari wa Nakuru, lakini sidii bila ripoti ya patholojia ya ini lililotolewa ni nusu ya habari. Dai ripoti hiyo, pamoja na AFP (protini ya damu inayoweza kupanda kwa saratani ya ini) ya mwisho kabla ya upasuaji, kisha hesabu alama za RETREAT, kipimo cha hatari ya saratani kurudi baada ya upandikizaji. AFP 21–99 ni alama 1, 100–999 ni 2, 1000 kwenda juu ni 3. Mishipa midogo ikipenywa, ongeza 2. Halafu chukua kipenyo cha uvimbe hai (wenye seli za saratani ambazo hazijafa) mkubwa zaidi kwa sm, jumlisha na idadi ya vivimbe hai: chini ya 5 ni 1, 5 hadi 9.9 ni 2, 10 na zaidi ni 3. Pasipo uvimbe hai ni 0. Mfano: AFP 150, vivimbe viwili, kikubwa sm 3.5, mishipa imepenywa: 2+2+2, yaani 6. Huyo ni wa hatari kubwa, asikose miadi hata moja.

Mpigapicha_Kondele
Asante sana. Na skani yenyewe?

Radiolojia_Nakuru
Pima kreatinini (kipimo cha kazi ya figo) kwanza, kwa sababu takrolimasi, dawa ya kuzuia mwili kukataa ini jipya, huumiza figo. Kanula geji 18 au 20, dawa ya kung'arisha ml 1.5 hadi 2 kwa kilo, kasi ml 4 kwa sekunde. Piga mwishoni mwa awamu ya ateri, awamu ya vena ya lango (mshipa unaoleta ini damu ya matumbo) sekunde 70, kisha dakika 3. Kosa la kawaida ni kupiga awamu ya ateri mapema mno: vena ya lango ikiwa bado haina dawa hata kidogo, uvimbe mdogo utakupita. Usiache kifua, mapafu ni mahali pa kawaida pa kurudi. Rudia kila miezi 6 kwa miaka 2 hadi 3 ya mwanzo. Mgonjwa akilalamikia mfupa, upigwe picha bila kungoja zamu yake.