MREJESHO: Desemba ya kazi nyingi na safari ya Moshi

Wakuu, heri ya mwaka mpya. Oktoba niliomba ushauri hapa: nakaa kaunta duka la jumla Kariakoo, Desemba ndiyo moto wa biashara, na kila Krismasi inanikuta sijajiandaa.

Aliyesema nikate tiketi mapema, Mungu akubariki. Nilikata katikati ya Novemba. Tarehe 22 Desemba pale stendi ya Magufuli watu wamekalia mabegi tangu alfajiri, mabasi yamejaa. Mimi na watoto tukapanda moja kwa moja. Mdogo alilala mapajani kwangu hadi Korogwe. Sikumbuki mara ya mwisho nilimpakata muda mrefu hivyo.

Sare na madaftari ya Januari nilinunua kidogo kidogo kila mshahara. Hilo nalo limesaidia sana, isipokuwa viatu: miguu ya watoto inakua, vimembana. Viatu nunueni mwishoni.

Likizo ndiyo imegoma. Barua niliandika mapema kama mlivyonielekeza, niliomba siku 10, bosi akanipa 4. Watoto nikawaacha kwa bibi yao, nikarudi peke yangu. Mwaka huu barua naipeleka Agosti.

Asanteni sana, ndugu zangu.