Safari ya wanafunzi kutoka Pemba kwenda Nepal: njia ipi, na mwezi gani?

Mlezi_Wete
Assalaam alaykum ndugu zangu. Mimi ni mlezi wa klabu ya jiografia ya wanafunzi wa chuo hapa Pemba, na tunakusudia kuwapeleka vijana 12 nchini Nepal kwa siku 14, wakati wa likizo yao ya Agosti, ili watembee milimani na waone maisha na ufundi wa watu wa kule. Vijana wenyewe wameshikilia kambi ya chini ya Everest, iliyo mita 5,364 juu ya usawa wa bahari, ilhali kisiwani kwetu hakuna kilima kinachofika hata mita 200. Wazazi wananiuliza usalama na chakula cha halali. Naomba ushauri wa waliokwisha kufika.

Nahodha wa Mkoani
Waalaykum salaam Maalim. Mimi sijafika Nepal, lakini Agosti naijua. Upepo wa kusi unaotusumbua baharini miezi hiyo huvuka ikweta, ukageuka, ukachukua mvuke wa Bahari ya Hindi na kwenda kuumwaga kwenye milima hiyohiyo mnayotaka kuitazama. Kuanzia Juni hadi Septemba kule ni mvua, maporomoko ya udongo na mawingu yaliyofunika vilele. Nendeni Oktoba au Novemba, kusi likishakatika.

Bint Chake
Maalim, nilikwenda Nepal nilipokuwa nikisoma India, na nasema bila kuficha: iacheni kambi ya Everest. Kutoka Lukla, mji mdogo wenye uwanja wa ndege unaoanzia safari hiyo, penye mita 2,860 hivi, kwenda na kurudi kwa mwendo salama huhitaji takriban siku 12, na ndege za uwanja ule mdogo huahirishwa mara kwa mara kwa sababu ya ukungu. Siku zenu 14 hazitoshi.

Chukueni njia ya Poon Hill, upande wa Pokhara. Ni siku nne au tano za kupanda ngazi za mawe (magoti yatawauma, msidanganywe) hadi mita 3,210, ambapo alfajiri mtaviona vilele vya Annapurna na Dhaulagiri vikigeuka rangi. Mnashukia Ghandruk, kijiji cha Wagurung chenye nyumba za mawe, na huko ndiko vijana watakakokaa na watu badala ya kupita tu. Siku zitakazobaki wapelekeni Bhaktapur wakatazame madirisha ya mbao yaliyochongwa na mafundi wa Kinewari, wenyeji wa bonde la Kathmandu. Mtoto aliyekulia karibu na milango ya Mji Mkongwe atasimama hapo saa nzima. Waelezeni pia namna mji ule ulivyovunjwa na tetemeko la Aprili 2015, na mafundi walivyorudi kujenga kwa mikono.

Kuhusu chakula, kila nyumba ya wageni njiani hupika dal bhat, yaani wali, mchuzi wa dengu na mboga, na kwa kawaida huongezwa bila malipo. Nyama ya milimani iacheni, kwani hamtajua imechinjwa vipi. Kathmandu ina misikiti mikubwa, na karibu nayo hapakosekani pa kula.

Muuguzi_Unguja
Naunga mkono. Maalim, ugonjwa wa mwinuko, unaompata mtu akipanda juu haraka kuliko mwili unavyozoea hewa haba, haujali nguvu za mtu, na ninayemhofia zaidi ni yule mchezaji mpira hodari atakayeona haya kusema kwamba kichwa kinamuuma. Kwenye mita 5,364 hewa ina nusu tu ya oksijeni tuliyoizoea pwani. Mkishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasizidi mita 500 juu ya pa jana, na kijana akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kukosa pumzi akiwa amekaa, ateremshwe saa hiyohiyo, hata ikiwa usiku. Bima itaje waziwazi uokoaji wa helikopta na urefu mtakaofika.

Mlezi_Wete
Nimeshukuru sana. Nimewasomea vijana majibu haya jana baada ya alasiri, nao walinuna kidogo kuhusu Everest, mpaka maneno ya Nahodha kuhusu kusi yalipowafanya watoe ramani. Nimeandika barua kwa uongozi wa chuo kuomba ruhusa ya wiki mbili za Novemba. Bint Chake, nakuomba uniandikie pembeni: je, mwanamke wa huku mwenye hijabu na viatu vya milimani alipokelewaje vijijini? Mama wa wasichana watano wanasubiri jibu hilo kabla ya kutia saini.

Bint Chake
Naliandika hapahapa, Maalim, lisomwe na wote. Bibi mmoja wa Ghandruk alinishika mtandio akauliza umefumwa wapi, kisha akanikaribisha jikoni kwake kuota moto.