Toyota Fielder imefika kutoka Mombasa, taa ya betri haizimi

MamaTasha_Umoja
Wadau, hamjambo? Fielder yangu imeshushwa Nairobi juzi, ikiwa juu ya lori kutoka Mombasa. Ajenti anasema ilitoka melini imezima kabisa, wakaijampu pale bandarini, yaani kuiwasha kwa kebo kutoka betri nyingine, ndipo ikawaka. Sasa taa ya betri haizimi, feni ya AC haipulizi, na nikizunguka mtaani kidogo nikazima, haiwaki tena. Redio nayo inashika stesheni chache tu. Fundi wa hapa jirani anadai maji ya chumvi yameingia kwenye waya, eti nibadilishe zote. Bei aliyonitajia ni ya kununua ng'ombe. Nifanyeje?

Kevo_Donholm
Pole sana. Isije ikawa gari la mafuriko. Vuta mkanda wa kiti mpaka mwisho kabisa, ukiona tope au mstari wa maji, hapo umepigwa.

FundiStima_Kirinyaga
Dada, waya zisiguswe kwanza. Alichosema Kevo kifanye, kisha inua kapeti pale miguuni. Plagi iliyoingia chumvi huota kutu ya kijani, hata asiye fundi ataiona. Lakini meli za magari zimefunikwa juu hadi chini, gari halikai likirushiwa mawimbi.

Mimi natilia shaka hiyo jampu. Kijana ana haraka, foleni ni ndefu, akigeuza kebo, chanya kwa hasi, kazi imekwisha. Mara nyingi kinachokatika ni fyuzi kubwa ya alteneta, ile mashine inayochaji betri injini ikiwaka. Fungua boneti, tafuta kisanduku cheusi karibu na betri, geuza kifuniko usome palipoandikwa ALT. Si zile ndogo za kuchomoa kwa vidole, hii imekazwa kwa nati na ina kidirisha cha plastiki. Chungulia humo. Feni kufa pamoja na chaji ndiko kunakonifanya niseme hivi, maana kwenye Toyota nyingi umeme wa vyote viwili hupitia hapo.

Pima pia betri injini ikinguruma. Ikisoma kama volti 14, sahau niliyosema. Ikisoma 12 na inazidi kushuka, hakuna chaji inayofika.

Redio yako ni nzima. FM ya Japani inaanzia 76, na redio nyingi za kule zinaishia 90. Zetu zinaenda hadi 108. Utawekewa ekspanda, kidude cha kushusha stesheni zetu ziingie kwenye namba za redio yako, kwenye waya wa eria (antena), basi.

MamaTasha_Umoja
Kapeti ni kavu, mkanda ni safi. Kidirisha cha ALT kimeungua, cheusi tii! Betri inasoma 12.1 injini ikiwaka. Yule fundi jirani anasema ataunganisha hapo na kipande cha waya kwa sasa.

FundiStima_Kirinyaga
Huyo mwambie asante, aende. Siku kukiwa na shoti, waya huo haukatiki, gari ndilo litakaloungua.

Nunua fyuzi ya ampea zilezile zilizoandikwa. Toa hasi ya betri kabla ya kugusa nati yoyote. Ukishafunga, pima tena. Asubuhi ukikuta betri imeisha na alteneta ina joto ilhali gari limelala usiku kucha, daiodi zimeenda, zile za ndani ya alteneta zinazozuia umeme wa betri kurudi humo. Hapo niletee alteneta peke yake, gari libaki nyumbani.

Na kama redio ni ile ya ramani, kadi iliyomo ndani usiichomoe. Umeme ukikatwa bila hiyo kadi, itajifunga na kukuandikia Kijapani.