Mkoa hauna bahari wala mbuga: chakula na vinywaji vyake vinaweza kuleta watalii?

Kijiko cha Mti (mleta mada): Wakuu habari zenu. Tujadili bila matusi leo. Kuna mikoa kibao duniani haina bahari, haina mbuga, hata mlima wa kupanda haina, ila ina chakula na kinywaji ambacho kwingine hukipati. Mimi nasema hela ya kutangaza utalii wa mkoa kama huo iende kwenye chakula, mabango ya machweo ya jua yamechosha. Angalieni Tequila kule Mexico, ni kamji tu, ila watu wanapanda ndege kwenda kuona mashamba ya agave, ndugu yake mkonge, inayotengenezwa pombe ya tequila, na UNESCO wakayaweka kwenye urithi wa dunia 2006. Champagne kule Ufaransa nao maghala yao ya mvinyo yaliyochimbwa chini ya ardhi yakaingia 2015. Sisi tunashindwa wapi?

Gari Bovu: Mtalii hafuati chakula mkuu. Anafuata kitu cha kuona, halafu anakula kwa sababu ana njaa kama binadamu mwingine. Hiyo Champagne yako, mji wake wa Reims ni kama dakika 45 tu kwa treni kutoka Paris, na wana kanisa walikokuwa wakitawazwa wafalme wa Ufaransa. Kanisa nalo ni mvinyo?

Sahani Tupu: Gari Bovu kwa jina lako hilo ungejua hii. Michelin ni watu wa matairi, kitabu chao cha kwanza cha kuongoza wenye magari walikigawa bure 1900 ili watu waendeshe magari mbali na matairi yaishe haraka. Nyota za kusifia migahawa zikaja baadaye, na tatu maana yake mgahawa huo unastahili safari ya makusudi kabisa. Yaani mtu anatoka kwake KWA AJILI YA SAHANI. Biashara ya zaidi ya miaka mia hiyo, wewe unasema mtalii hafuati chakula.

Gari Bovu: Ufaransa tena. Kila mfano Ufaransa. Tajiri kuendesha gari kwenda kula bata ndio utalii wa mkoa?

Mpita Njia 2: Toka basi Ufaransa nenda Thailand. Serikali yao 2001 au 2003 hivi walikuja na mpango wa kusukuma migahawa ya Kithai ifunguliwe nchi za nje, mtu akionja kwao atamani kwenda kuonja kwa wenyewe.

Sahani Tupu: 2002. Ila ndio huo.

Daktari wa Mtaa: Naunga mkono hoja kwa sharti moja. Hii kazi waachiwe mahoteli na wapishi waliosomea. Mama lishe wabaki na wateja wao. Mgeni akianza kuharisha siku ya kwanza safari yake imeisha, na ataandika mtandaoni kwamba mkoa mzima ni wachafu. Nasema ukweli ambao wengine mnauogopa.

Binti Sufuria: Umesema nini wewe??? "Wabaki na wateja wao", wateja wao ni nani, mbwa? Mimi nimesomeshwa na sufuria ya barabarani mpaka chuo na sijawahi kusikia mteja wa mama kalazwa. Hao waliosomea wamejifunza kukata karoti kwa pembe, hicho chakula mnachotaka kukitangaza wamekitoa wapi kama sio kwa hao hao wanawake? Na nikuulize, leo mchana umekula wapi?

Daktari wa Mtaa: Dada punguza jazba, sijamtaja mama yako.

Binti Sufuria: Umewataja wote. Jibu swali.

Sahani Tupu: Singapore 2016 vibanda viwili vya chakula vilipewa nyota ya Michelin. VIBANDA. Kimoja cha wali na kuku wa soya, foleni yake ilikuwa balaa. Bangkok nako kuna bibi anakaanga mayai na kaa kwa moto wa mkaa, amevaa miwani kama fundi wa kuchomelea, naye ana nyota. Daktari hao nao walisomea chuo gani?

Mzee Kibao: Wajukuu zangu, mfano wa Singapore msiukate nusu. Wale wauzaji walikuwa barabarani kama kwingine, miaka ya 70 na 80 serikali ikawahamishia kwenye majengo yenye maji ya bomba, mifereji na mahali pa kutupa taka, ikawapa leseni na ikawa inawakagua. Usafi ulianzia kwenye bomba, nyota zikaja miaka mingi baadaye. Hiyo hela ya matangazo mnayogombania ingejenga kwanza mabomba, na ndio swali la kujadili hapa.

Gari Bovu: Shikamoo mzee. Ila kile kibanda cha kuku kilikuja kunyang'anywa nyota 2021, hilo mbona hamlisemi.

Sahani Tupu: Na bibi wa Bangkok je?

Kijiko cha Mti: Wakuu turudi kwenye mada jamani, vinywaji hatujagusa kabisa. Oktoberfest, tamasha la bia la München Ujerumani, ilianza 1810 kwenye harusi ya mwana wa mfalme, watu walienda kuangalia mbio za farasi. Leo bia inayouzwa pale ni ya viwanda 6 vya mji ule tu, mwenye bia ya kwingine haingii. Sheria kama hiyo ndiyo inabakiza hela nyumbani.

Nuru ya Asubuhi: Kwa hiyo kodi yangu ilipie watu walewe? Astaghfirullah.

Kijiko cha Mti: Ndugu, nimezungumzia sheria ya nani anauza.

Nuru ya Asubuhi: Anauza nini? Pombe. Nimemaliza.

Mpita Njia 2: Mnaoshabikia watalii kwenye masoko ya chakula mjiulize kuhusu Boqueria ya Barcelona. Wageni walijaa kupiga picha mpaka mwenyeji wa kununua samaki hana pa kupita, 2015 ikabidi makundi yenye watalii zaidi ya 15 yazuiwe siku na saa za watu kufanya manunuzi. Muuza samaki hauzi picha.

Gari Bovu: Ndio hapo sasa. Na hayo mabomba ya mzee yakishajengwa kodi ya kibanda itapanda, wa kwanza kutolewa ni huyo huyo mama lishe mnayemlilia, anaingia mwenye mtaji na sare.

Binti Sufuria: Wewe ndio umeongea kitu leo. Kibanda kiandikwe jina la anayepika, asiyepika asipewe, na kukikodisha kwa mwingine iwe marufuku. Sio mnatujengea halafu tunakuta shemeji wa mkubwa kakaa na kikotoo.

Daktari wa Mtaa: Na akipika mchafu?

Binti Sufuria: Akaguliwe kama hoteli inavyokaguliwa, akifeli afungiwe, tatizo liko wapi? Mbona hoteli ikilaza wageni hamsemi wapishi waliosomea wote wafukuzwe? Na bado hujanijibu, mchana umekula wapi.

Daktari wa Mtaa: Nimeletewa ofisini.

Binti Sufuria: Na nani?