Naomba ushauri: mabomba ya kushushia maji tangi la samaki kwa bei nafuu (Malindi)

MwanaShela: Assalaam alaikum ndugu zangu. Nina tangi la kioo la maji ya bahari, sentimita 120 kwa 45, kimo 45. Chini yake kuna dogo la kuchujia, 60 kwa 30, kimo 35. Pampu ya kurudisha maji juu ninayo, lita 2,000 kwa saa. Zimebaki bomba za kushushia maji. Fundi mmoja ataka kuniwekea valvu za shaba, bei yake siiwezi. Mwengine asema nisitoboe kioo, nipitishe bomba juu ya ukingo livute maji. Nakaa ghorofani na mama mwenye nyumba yuko chini yangu. Nifanyeje?

FundiBomba_Lamu: Waalaikum salaam. Shaba isiguse maji hayo kabisa! Chumvi huila, na ikiyeyuka huua kamba na matumbawe. Nunua PVC ya inchi moja na tangi konekta za plastiki, zile za matangi ya maji ya nyumbani. Hadiwea yoyote wanazo.

Bomba la juu ya ukingo silipendi. Stima ikipotea, hewa ikaingia, mvuto unakatika. Stima ikirudi, pampu yapandisha maji na hayana pa kushukia. Mama wa watu ataloa. Toboa.

MwanaShela: Tundu moja latosha?

FundiBomba_Lamu: Mawili, ndani ya kisanduku cha pembeni ambacho maji humwagikia. Ndio mtindo wanaouita Herbie. Bomba la kwanza mdomo uzame, na chini yake geti valvu ya plastiki, ile ya kufunga kwa kuzungusha mara nyingi. Unaibana pole pole mpaka bomba lijae maji bila hewa, hapo halina kelele. Boli valvu, ile ya mkono wa kugeuza robo duara, ni rahisi lakini kuipima ni taabu, ukiigusa kidogo maji yamebadilika sana. Bomba la pili mdomo uwe juu ya maji, likae kavu. La kwanza likizibwa na konokono, hili labeba yote. Hili usilitie valvu, hata ukipewa bure.

Kioo kiwe cha kawaida. Kile cha usalama kinachopasuka punje punje hakitoboleki.

BintiNgomeni: Kaka, piga na hesabu ya stima ikipotea. Mdomo wa bomba la kurudishia ukiwa sentimita 5 chini ya uso wa maji, maji yatarudi chini kwa bomba hilo na tangi lote litashuka hizo 5, yaani lita 27. Tangi la chini labeba 63. Likifanya kazi, maji yasizidi kimo cha sentimita 15, nayo ni lita 27 nyengine. Jumla 54, na zinazobaki ni za maji ya kisandukuni na mabombani. Tia alama kwa kalamu.

Na msimu wa mvua, mto Sabaki ukimwaga tope, maji ya pwani yetu usiyatie moja kwa moja. Yaache yatuame kwanza, uchafu ule huziba chujio.

MwanaShela: Ahsanteni sana. Valvu niigundishe?

FundiBomba_Lamu: Tia yunioni, zile viungo vya kufungua kwa mkono, juu na chini yake, uweze kuitoa ukaisafishe. Kwanza jaribu kwa maji ya bomba, kabla ya chumvi na samaki: ziba la kwanza kwa mkono uone la pili likichukua, kisha zima pampu uone tangi la chini halifuriki.